Ruzuku ya mbolea: fedha ambazo mkulima hazishiki mkononi

Mwezi Desemba 2022, katika msimu wa kwanza wa mpango wa ruzuku unaoendelea sasa, nilikuwa Mbalizi, nje kidogo ya Jiji la Mbeya, kwenye foleni ya duka la pembejeo iliyoanza kupangwa kabla jua halijachomoza. Mbele yangu alikuwapo mzee aliyeshuka kutoka Umalila, koti lake likiwa bado na unyevunyevu wa ukungu wa huko juu. Baada ya kumwamkia na kuulizana habari za shamba, alinikabidhi simu yake ndogo ya vitufe akaniomba nimsomee ujumbe. “Mwanangu, wametangaza kwamba ruzuku imeshatoka. Hebu niangalizie, mbona kwangu haijaingia?” Ujumbe uliokuwamo ulikuwa na namba yake ya usajili tu. Fedha hazikuwamo, wala hazikuwahi kukusudiwa kuwamo. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo tangu siku hiyo nimelisikia Rungwe, Mbozi, Makambako na hata Kilolo: “Sasa kama hela sipewi mimi, anapewa nani?”

Swali hilo ni la haki na lina jibu, ila jibu lenyewe limefunikwa na lugha ya vikao na matangazo, kiasi kwamba mtu anaweza kusikiliza redio msimu mzima asilipate. Tuanze na maneno yenyewe. Pembejeo ni vitu ambavyo mkulima huviingiza shambani ili apate mazao: mbegu, mbolea, viuatilifu, na kwa maana pana hata zana. Ruzuku ni sehemu ya bei ya kitu ambayo Serikali hukubali kuibeba ili mnunuzi alipe kilichobaki. Haina marejesho, kwa hiyo si mkopo. Haitolewi kwa sababu mtu amepata hasara, kwa hiyo si fidia. Wala haifanani na fedha ambazo Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, huzipeleka kwa kaya maskini, kwa sababu zile humfikia mlengwa zikiwa fedha, naye huamua mwenyewe kama atanunua unga au sare ya mtoto. Ruzuku ya mbolea imefungwa ndani ya mfuko. Asiyenunua mfuko haipati, na anayenunua huipata palepale kaunta bila kuiona, kwa njia ya bei iliyoshuka.

Mfano ulio karibu zaidi na jambo hili ni nauli ya mwanafunzi. Anayepanda daladala kutoka Uyole kwenda Kabwe anajua kwamba mwanafunzi mwenye sare hulipa pungufu kuliko mtu mzima, ingawa wamo ndani ya gari lilelile linalokula mafuta yaleyale. Ile tofauti anailipa nani? Hakuna anayeilipa. Mwenye gari anaibeba mwenyewe, na ndiyo sababu konda akiona kundi la wanafunzi kituoni hujifanya hajawaona. Ruzuku ya mbolea ilijengwa ili tofauti hiyo iwe na mlipaji, naye ni Hazina. Wakala anamuuzia mkulima kwa bei ndogo, na sehemu iliyopunguzwa inalipwa na Serikali kwa kampuni iliyoileta mbolea. Kwa hiyo, jibu la swali la mzee wa Umalila ni hili: fedha inapewa kampuni ya mbolea, kwa niaba yake yeye, baada ya kuthibitika kwamba yeye ameuziwa mfuko kwa bei pungufu. Msomaji aukumbuke mfano wa konda, kwa sababu malipo ya Serikali yanapochelewa, wauzaji nao huanza kuwa na tabia zake.

Hesabu zenyewe zilikuwa hivi. Tarehe 8 Agosti 2022, katika kilele cha Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango huo, na Serikali ikatenga shilingi bilioni 150 kwa msimu wa 2022/23. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, uliokuwa umefika takriban shilingi 131,000, ulipangiwa bei ya 70,000. Urea, mbolea ya kukuzia iliyokuwa kwenye takriban 124,000, nayo ikawa 70,000. CAN na SA nazo ni za kukuzia: CAN ilishuka kutoka takriban 108,000 hadi 60,000, na SA kutoka takriban 83,000 hadi 50,000. Kwa maneno mengine, katika mfuko wa DAP, mkulima alitoa shilingi 70,000 na Hazina ikatoa zaidi ya 60,000.

Bei hizo za juu hazikutengenezwa na mwenye duka wa Tunduma, ingawa ndiye aliyelaumiwa. Mbolea za naitrojeni kama Urea hutengenezwa kwa sehemu kubwa kwa gesi asilia, na gesi ilipopanda bei duniani mwaka 2021, mbolea ilipanda nayo. China, ambayo ni muuzaji mkubwa, ikabana mauzo yake ya nje mwaka huohuo ili kuwalinda wakulima wake. Kisha, Februari 2022, vita vikaanza kati ya Urusi na Ukraine, na Urusi ni miongoni mwa nchi zinazouza mbolea nyingi zaidi duniani. Tanzania huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mbolea inayotumia, kwa hiyo wimbi lililoanzia mbali lilitua moja kwa moja kwenye mashimo ya mahindi ya Igurusi na Vwawa. Wakulima wengi msimu wa 2021/22 walipanda bila mbolea ya kupandia, au walinunua mfuko mmoja wakaugawa kwenye ekari ambazo zilihitaji mifuko minne.

Hapa ndipo inapofaa kutazama kikomo cha fedha yenyewe. Tukikadiria kwamba kila mfuko ulibeba ruzuku ya shilingi 55,000, bilioni 150 zingetosha mifuko isiyofika milioni tatu kwa nchi nzima. Mtu anaposikia “bilioni 150” hudhani ni bahari, lakini ni kisima chenye kina kinachojulikana, na wanaokizunguka ni wakulima wa kuanzia Sumbawanga hadi Karagwe. Sisemi hivyo kuitetea Serikali wala kuilaumu. Nasema ili ieleweke kwamba ruzuku hata ikiendeshwa vizuri kabisa lazima iwe na mahali inapoishia, na swali la nani apate kiasi gani haliwezi kukwepwa.

Sasa tuufuate mfuko njiani, kwa sababu migogoro karibu yote ya ruzuku huzaliwa humo. Mbolea hushushwa bandarini Dar es Salaam. Kutoka hapo hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, malori yakipita Mikumi, yakipanda Kitonga kwa kutambaa, yakipita Iringa na Makambako. Ikifika, huingia kwenye ghala la kampuni, kisha kwa wakala, ambaye ni mwenye duka aliyesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, yaani TFRA. Mkulima kwa upande wake huandikishwa kijijini kwenye daftari la mtendaji: jina, namba ya simu, kitambulisho, mahali shamba lilipo na ukubwa wake. Taarifa hizo zikiingizwa kwenye mfumo wa kidijitali, mkulima hupata namba yake. Siku ya kununua, wakala huingiza namba hiyo kwenye simu, mfumo unamwonyesha mtu huyo na kiasi anachostahili, kisha anaisoma kwa kamera ile alama ya miraba midogo iliyobandikwa kwenye mfuko. Tangu hapo mfuko ule una mwenyewe. Kampuni ikitaka kulipwa tofauti ya bei, ni lazima ionyeshe mifuko iliyosomwa namna hiyo na kuhakikiwa.

Ukishaielewa njia hii, mambo mengi yaliyoonekana kama uchawi au njama yanaanza kuonekana yalivyo. Pale Mbalizi, foleni ilisimama kwa zaidi ya saa moja huku mifuko ikionekana kwa macho ndani ya duka, imepangwa hadi karibu na dari. Watu walianza kupiga kelele kwamba wakala anaificha ili aiuze usiku. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba mtandao ulikuwa umekata, na mfuko usiosomwa kwenye simu ukitoka dukani kwa bei ya ruzuku ni hasara ya moja kwa moja ya shilingi elfu hamsini na zaidi, kwa sababu hakuna atakayeirudisha. Kijana wa duka alikuwa akipanda juu ya ngazi ya nje, simu ameinyanyua kama mtu anayetafuta mwezi, akishuka na kupanda tena. Sidai kwamba mawakala wote ni waaminifu, la hasha, wapo waliouza kwa bei ya juu na waliotumia namba za watu wengine. Nasema tu kwamba foleni ile ilikuwa na sababu inayoelezeka, na hakuna aliyetoka nje kuieleza.

Umbali nao una hesabu yake. Bei ya ruzuku inapotangazwa, wakala aliye kando ya lami anaweza kuuza kwa bei hiyo na kupata chochote. Lakini anayetaka kupandisha mifuko huko juu Ilembo au Isuto wakati wa masika, barabara ikiwa tope na lori likihitaji kukokotwa, anapaswa kuwa na nafasi ya gharama hiyo ndani ya bei. Nafasi hiyo ikiwa ndogo, anabaki mjini na kumwacha mkulima ashuke mwenyewe. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2022 kwamba mfuko ambao kwenye tangazo ulikuwa shilingi 70,000 ulimgharimu mtu wa Umalila 70,000 pamoja na nauli ya kushuka, siku moja au mbili za kazi zilizopotea wakati wa palizi, chakula cha mama lishe, na bodaboda ya kuupandisha mfuko nyumbani. Ruzuku yake ililiwa njiani, na hakuna mwizi hata mmoja aliyehusika.

Kuna jambo jingine ambalo naliona kuwa zito kuliko bei, nalo ni wakati. Nyanda za Juu Kusini hupanda mahindi mvua zinapoanza, kwa kawaida Novemba hadi Desemba. Mbolea ya kupandia, kama DAP, huwekwa siku hiyohiyo mbegu inapoingia shimoni, kwa sababu fosforasi iliyomo ndani yake haitembei sana udongoni na mizizi michanga inaihitaji ikiwa karibu. Mbolea ya kukuzia huwekwa mahindi yanapofika magotini. Yakishatoa mbelewele, Urea utakayoimwaga itayanufaisha magugu zaidi kuliko mahindi. Sasa weka kando ya kalenda hiyo kalenda ya Serikali: mwaka wa fedha huanza Julai, makampuni hutaka uhakika wa malipo kabla ya kuagiza, na meli nayo hutumia majuma kadhaa baharini. Malipo ya msimu uliopita yakichelewa mwezi mmoja, kampuni nayo huchelewa kuagiza, lori huchelewa kupanda Kitonga, na mkulima hupokea mbolea ya kupandia wakati ambapo alishapanda. Huyo ndiye konda niliyemtaja, ambaye hakatai waziwazi, ila gari lake halisimami kituoni kwa wakati. Mfuko wa bei nafuu unaofika Januari ni ghali kuliko mfuko wa bei kubwa uliofika Novemba, na anayebisha aulize mtu yeyote aliyewahi kuvuna mahindi ya rangi ya njano.

Turudi kwa mzee wetu, kwa sababu zamu yake ilipofika lilijitokeza jambo ambalo limewapata wengi. Kijana wa duka aliingiza namba, akasema, “Baba, hapa unasoma ekari moja.” Mzee analima ekari tatu. Ilibidi aulizwe mara mbili ndipo akasema ukweli, kwamba wakati wa kuandikishwa kijijini zilipita habari kuwa daftari lile ni la kodi ya mashamba, naye akapunguza. Uvumi huo nimeukuta sehemu nyingi na hauna msingi: daftari la ruzuku halimtozi mtu kodi, na ukubwa wa shamba unaoandikwa humo ndio unaoamua kiasi cha mbolea utakachoruhusiwa kununua kwa bei pungufu. Mwenye kupunguza ekari anajipunguzia mwenyewe. Na anayeziongeza, ambaye naye yupo, anachukua mifuko iliyopaswa kufika kwa jirani yake. Marekebisho hufanywa kwa mtendaji wa kijiji, na wakati wa kuyafanya ni kabla ya msimu, si mbele ya kaunta. Siku ile mzee aliruhusiwa mbolea ya ekari moja tu.

Wapo wanaosema mbolea ya ruzuku ni hafifu, kwamba ile nzuri inauzwa kwa bei kamili na ya ruzuku ni makapi. Si kweli. Ni mbolea ileile, ya meli zilezile na kiwango kilekile. Kilichobadilika ni anayelipa sehemu ya bei. Mbolea bandia ipo, lakini hiyo ni jinai ya watu wanaofungua mifuko na kuchanganya vitu vingine, nayo huwapata zaidi wanaopimiwa kwa kopo kutoka kwenye mfuko ulio wazi. Naelewa kwa nini watu hununua kwa kopo, kwani bei ya mfuko mzima kwa mkupuo si fedha ndogo. Majirani wawili wanaoshirikiana kununua mfuko mzima ulioshonwa kwa mashine, wakaufungua wenyewe nyumbani na kugawana, wako salama zaidi.

Wanaosema mbolea za viwandani “zinaua ardhi” wana chembe ya ukweli ambayo haistahili kupuuzwa. Baadhi ya mbolea, na hasa SA, huongeza tindikali kwenye udongo zikitumika miaka mingi mfululizo, na udongo wa maeneo mengi ya Mbeya, Njombe na Mufindi tayari una tindikali kwa asili kwa sababu ya mvua nyingi. Udongo wa namna hiyo huishikilia fosforasi isiufikie mmea, hivyo mkulima anamwaga DAP na mahindi hayaioni. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, samadi na kubadilisha mazao, baada ya kupima udongo. Nikipewa nafasi ya kushauri jambo moja tu katika mpango huu, ningesema sehemu ya ruzuku iende kwenye chokaa kwa maeneo haya, kwa sababu kumpunguzia mtu bei ya mbolea ambayo udongo wake hauwezi kuitumia ni kumsaidia nusu.

Na kwa kuwa bei za ruzuku zimepangwa kwa mfuko, inafaa mkulima ajue anachonunua ndani ya mfuko. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unabeba kilo 23 za chakula hicho cha mmea. SA ina asilimia 21, yaani kilo 10 na nusu kwa mfuko. Kwa bei za 2022, aliyenunua Urea kwa 70,000 alilipa takriban shilingi 3,000 kwa kila kilo ya naitrojeni, na aliyenunua SA kwa 50,000 alilipa takriban 4,800. Mfuko ulioonekana wa bei ndogo ulikuwa ghali zaidi. SA ina salfa, ambayo baadhi ya mashamba huihitaji, kwa hiyo simkatazi mtu. Lakini nimewaona wengi wakichagua SA kwa sababu tu ya elfu ishirini, bila kuambiwa kwamba wanabeba nusu ya mzigo. Kwa upande mwingine, Urea isiyofukiwa hupotelea hewani, hasa jua likiwa kali, kwa hiyo faida yake ni ya yule anayechimba kijishimo kando ya shina na kuifunika.

Mpango wa sasa unawashangaza pia wale waliozoea vocha. Kuanzia msimu wa 2008/09, baada ya majaribio ya mwaka uliotangulia, Serikali kwa msaada wa Benki ya Dunia iligawa vocha za pembejeo ambazo hatimaye zilizifikia kaya zaidi ya milioni mbili. Kaya iliyochaguliwa na kamati ya kijiji ilipewa vocha za mbolea na mbegu zilizotosha ekari moja, zikibeba takriban nusu ya bei, naye mkulima akaongeza nusu iliyobaki. Ulikuwa mpango wa walengwa: wachache walichaguliwa, wengine wakaachwa. Ugonjwa wake nao ulijulikana kila kijiji. Mkulima asiye na ile nusu ya kuongezea alikaribishwa kando, akasaini vocha, akapewa elfu chache, na vocha ikaenda kulipwa Serikalini kana kwamba mfuko ulitoka. Ndiyo sababu mpango wa sasa umekazania kuusoma mfuko wenyewe badala ya karatasi.

Lakini huu wa sasa una tabia yake nyingine, nayo husemwa kwa nadra. Kila mkulima aliyesajiliwa anaweza kupata ruzuku, kwa kadiri ya shamba lake. Ukichukua mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa Urea kwa ekari, Hazina mwaka 2022 ilimbebea mkulima wa ekari moja takriban shilingi 115,000, na wa ekari ishirini takriban 2,300,000. Hakuna aliyeiba, ndivyo hesabu ya ruzuku ya bei ilivyo popote duniani: anayenunua kingi hupunguziwa kingi. Wapo wanaosema ni sawa, kwa kuwa lengo ni chakula cha taifa na mwenye ekari ishirini ndiye anayejaza malori. Mimi naona kwamba fedha ikiwa na kikomo, ni bora kila kaya ihakikishiwe mifuko ya ekari zake za mwanzo kabla ya wakubwa kuongezewa. Yote mawili ni maamuzi ya kisera, na mwananchi ana haki ya kuyajadili akijua kwamba ni maamuzi.

Mara nyingi mjadala ukifika hapa, mtu husema: “Mbona Marekani wakulima wanawekewa fedha benki?” Ni kweli, na inafaa kueleza kwa nini. Ruzuku zao zilianza kwa sheria ya mwaka 1933, wakati mazao yalikuwa mengi mno na bei zimeporomoka, kiasi kwamba Serikali iliwalipa wakulima wapunguze kulima. Hadi leo fedha nyingi hulipwa kwa mwenye shamba kwa kufuata ekari zilizomo kwenye kumbukumbu za ofisi ya kilimo ya kaunti, yaani kama wilaya yetu, bei au mapato yanaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa. Katika mojawapo ya mipango hiyo, kinachotazamwa ni mapato ya wastani ya kaunti nzima, hivyo mkulima aliyevuna vizuri anaweza kulipwa kwa sababu kaunti yake imepata hasara, na aliyeharibikiwa peke yake akakosa. Shida yao ya mwanzo ilikuwa ghala lililofurika. Ya kwetu ni shimo la mbegu lisilo na mbolea. Isitoshe, kulipa kwa ekari kunahitaji mipaka na umiliki wa kila shamba uwe umeandikwa, na vijijini kwetu mashamba mengi bado yanajulikana kwa mti wa mpaka na kumbukumbu za wazee.

Ipo hoja nzuri ya kutaka mkulima apewe fedha achague mwenyewe, na siidharau, kwa sababu inamheshimu. Hata hivyo, fedha inayoingia Desemba inakutana na karo na sare za Januari. Na iwapo mbolea yenyewe ni chache sokoni, kuwapa watu wote fedha ya kuigombania kutapandisha bei yake.

Nyanda za Juu Kusini zilishawahi kuonja jambo hili kwa namna nyingine. Katika miaka ya 1970 na 1980, Serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na mbolea nayo ikawa na ruzuku kubwa. Bei moja ya mahindi ilikuwa ruzuku iliyofichika, kwa kuwa Serikali ilibeba gharama ya kuyatoa Rukwa na Ruvuma hadi Dar es Salaam. Ndipo Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma zilipojulikana kuwa mikoa minne mikuu ya chakula. Ruzuku hizo zilipoondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990, umbali ulirudi kuwa mzigo wa mkulima, na wengi waliacha mbolea au wakahamia mazao yanayolipa haraka zaidi. Mwaka 2003/04 ruzuku ikarejea kidogo, kwa kulipia usafirishaji wa mbolea.

Umbali na bei ya mahindi ndivyo vitu ambavyo ruzuku ya mbolea haivigusi. Tuseme mkulima amenunua Urea kwa 70,000, na mahindi yanauzwa shilingi 500 kwa kilo. Anahitaji kilo 140 za ziada shambani ili mfuko ule ujirudishe, yaani karibu gunia moja na nusu. Bila ruzuku, kwa 124,000, angehitaji karibu kilo 250. Hapo ruzuku imemfaa sana. Lakini mahindi yakishuka hadi 300 wakati wa mavuno, hata mfuko wa ruzuku unahitaji kilo zaidi ya 230, na nafuu karibu yote imeyeyuka. Kwa sababu hiyo, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, unapofungua vituo vya kununua mahindi mapema, au mpaka wa Tunduma unapokuwa wazi, mkulima hupata kitu chenye uzito sawa na punguzo la mbolea, hata kama hakiitwi ruzuku. Na mpaka ukifungwa ghafla mavuno yakiwa ghalani, anapokonywa kwa mkono mmoja alichopewa kwa mwingine.

Anayejiandaa kwa msimu ujao ana mambo machache ya kufanya wakati wa kiangazi: kwenda kwa mtendaji kuhakiki jina na ekari zake, kuhakikisha namba ya simu iliyoandikwa ndiyo anayoitumia, kuisoma mwenyewe bei elekezi, yaani bei iliyopangwa na Serikali, ya wilaya yake, na kudai risiti. Kwa upande wa viongozi, ningeomba jambo lisilo na gharama. Kila mfuko unaposomwa, mfumo unajua umeuzwa wapi na lini. Basi idadi ya mifuko iliyoletwa na iliyouzwa katika kila kata ibandikwe kila wiki kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, pale pale panapobandikwa mapato na matumizi, ili mtu wa Umalila ajue kabla hajashuka kama kuna kinachomsubiri Mbalizi.

Mzee tuliagana kituoni. Mfuko wake wa Urea ulikuwa umefungwa kwa kamba za mpira nyuma ya bodaboda, na DAP hakuipata, ilikuwa imekwisha watu kumi na wawili mbele yake.